Sala Iliyopigiwa Kura

Mwezi Juni 1989 shule ya Nathan Bishop, mjini Providence katika jimbo la Rhode Island, iliwaaga wahitimu wake. Mwalimu mkuu, Robert E. Lee, alimwalika rabi Leslie Gutterman afungue na kufunga mahafali kwa sala, na kabla ya siku yenyewe akamkabidhi kijitabu cha mwongozo kinachoeleza namna ya kusali mbele ya hadhara yenye watu wa dini mbalimbali. Miongoni mwa wahitimu alikuwemo Deborah Weisman, msichana wa miaka 14. Siku chache kabla, baba yake, Daniel, alikuwa amekimbilia mahakamani kuomba sala hizo zizuiwe, akaambiwa muda hautoshi. Jambo ambalo wasimuliaji wengi wa kesi hii hulipita haraka ni kwamba familia ya Weisman ni Wayahudi, sawa na rabi aliyealikwa. Miaka 3 nyuma, dada yake Deborah alipohitimu, aliyesali alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na wazazi walilalamika. Shule ikaona dawa ni kuwaletea kiongozi wa dini yao. Kumbe wazazi wale walikuwa na swali la msingi zaidi: nani aliyeipa shule ya serikali mamlaka ya kugawa zamu za kusali?

Mvutano wa sala katika shule za Marekani husimuliwa kama vita kati ya watu wa dini na watu wasio na dini. Ukiwaangalia walioshtaki na walioadhibiwa, mmoja mmoja, simulizi hiyo haisimami. Wengi walikuwa waumini, ila dini au madhehebu yao yalikuwa ya wachache pale walipoishi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba sala inayoongozwa na mwanafunzi, njia iliyoshika kasi baada ya 1992 ili viongozi wa dini waondoke jukwaani na sala ibaki, haikuondoa tatizo hilo pale ilipopatikana kwa kura. Uamuzi ulitoka mikononi mwa mwalimu mkuu ukaingia mikononi mwa wengi, na wengi ndio hasa ambao wachache walikuwa wakiwaogopa tangu shule hizo zianzishwe.

Horace Mann, aliyeanza kusimamia elimu ya umma jimboni Massachusetts mwaka 1837, aliamini kuwa mabishano ya madhehebu yangeepukwa kama Biblia ingesomwa darasani bila maelezo yoyote. Kwa Mprotestanti hilo lilikuwa jambo la haki kabisa. Kwa Mkatoliki halikuwa hivyo, kwa sababu Biblia iliyosomwa ilikuwa tafsiri ya Mfalme James, na kuisoma bila mafundisho ya Kanisa kulikuwa tayari ni msimamo wa upande mmoja. Wahamiaji kutoka Ireland walipoongezeka, mgongano ulilipuka. Huko Philadelphia Askofu Francis Kenrick aliomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kutumia Biblia yao wenyewe. Uvumi ukaenea kuwa Wakatoliki wanataka kuifukuza Biblia shuleni, na mwezi Mei 1844 makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Augustino yakachomwa moto na watu wakauawa. Mwaka 1859, katika shule ya Eliot mjini Boston, mtoto wa Kikatoliki aitwaye Thomas Whall alichapwa fimbo mikononi kwa kukataa kutamka Amri Kumi kwa namna ya Kiprotestanti. Fimbo hiyo haikushikwa na mtu asiyeamini Mungu. Aliyechapa na aliyechapwa walikuwa Wakristo wote wawili.

Karne moja baadaye mambo yalikuwa yametulia kwa sura tu. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya kusoma aya zisizopungua 10 za Biblia kila asubuhi shuleni. Novemba 1956, katika sekondari ya Abington, mwanafunzi Ellery Schempp alikuja na nakala ya Kurani, akaisoma kimyakimya wakati wenzake wakisikiliza Biblia, na akapelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Familia yake ilikuwa ya Wayunitariani, dhehebu la wachache. Baadaye sheria iliruhusu mzazi kuomba mtoto wake atolewe nje wakati wa ibada, lakini baba yake aliieleza mahakama kuwa aliogopa watoto wataonekana vioja mbele ya walimu na wenzao. Hapo ndipo penye kiini cha hoja ya kesi zote zilizofuata: ruhusa ya kutoka nje ni alama, na mtoto ndiye anayeivaa. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilibatilisha sala fupi ya maneno 22 ya Kiingereza iliyotungwa na bodi ya elimu ya New York, na mwaka 1963 ikabatilisha usomaji wa Biblia kama ibada shuleni katika kesi ya Schempp. Haikukataza kufundisha kuhusu dini, wala haikumkataza mtoto kusali. Maamuzi hayo yaligusa darasa, na mahafali yakaendelea kama kawaida, kwa hoja kwamba ni sherehe ya siku moja na hakuna anayelazimishwa kuhudhuria.

Hoja hiyo ndiyo iliyopimwa katika kesi ya Weisman. Tarehe 24 Juni 1992, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilisema shule ya umma haiwezi kumwalika kiongozi wa dini asali katika mahafali. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika uamuzi, hakukubali kwamba mhitimu ana hiari ya kweli. Kumwambia kijana aache siku ambayo yeye na wazazi wake wameingojea kwa miaka, eti kwa sababu ana dhamiri tofauti, ni kumtoza bei ambayo mwenzake hatozwi. Na akihudhuria, kusimama kimya kati ya wenzake waliosimama kunaonekana kuwa ni kushiriki. Kennedy aliona pia uzito wa kile kijitabu: mtumishi wa serikali alikuwa amechagua sala ifanyike, amechagua msalishaji, kisha akaelekeza sala iweje. Nadhani alisoma vizuri. Mwongozo uliokusudiwa kumlinda kila mtu uliifanya shule kuwa mhariri wa maombi.

Ndani ya miezi michache jibu lilipatikana Texas. Wilaya ya shule ya Clear Creek, kati ya Houston na Galveston, ilikuwa na utaratibu wa kuwaachia wahitimu waamue kwa kura kama wanataka sala, isomwe na mwanafunzi wa kujitolea, isiwe ya dhehebu fulani. Novemba 1992 mahakama ya rufaa ya eneo hilo iliubariki, na wilaya nyingine zikaiga. Mantiki yake inavutia: serikali imejitoa, vijana wameamua wenyewe. Lakini tazama kilichotokea katika sekondari moja ya New Jersey iliyofuata njia hiyo. Waliotaka sala walikuwa 128, waliotaka dakika ya ukimya 120, waliotaka pasiwe na chochote 20. Wanafunzi 140 hawakuchagua sala, na sala ikapita. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ilibatilisha utaratibu huo. Hata kama waliotaka sala wangekuwa 260, ningeona mahakama ilikuwa sahihi, maana mwaka 1943, katika kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kutoipigia bendera saluti, Mahakama ya Juu ilikwisha kueleza kuwa haki ya kuabudu haiwekwi mezani ipigiwe kura.

Santa Fe, mji mdogo wa Texas katika kaunti ya Galveston, ulionyesha jinsi kura inavyofanya kazi mahali ambapo matokeo yake yanajulikana kabla ya kuhesabiwa. Wakazi wengi walikuwa Wabaptisti. Familia mbili zilizoshtaki mwaka 1995 zilikuwa moja ya Wamormoni na moja ya Wakatoliki, na mahakama iliruhusu majina yao yafichwe ili wasisumbuliwe. Kesi ilipofika juu, kilichobaki mezani kilikuwa sala kabla ya mechi za mpira, mwanafunzi akichaguliwa kwa kura na kutumia kipaza sauti cha shule. Juni 2000, kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu iliikataa. Jaji John Paul Stevens alieleza kuwa uchaguzi wa namna hiyo unahakikisha wachache hawatashinda kamwe.

Pingamizi zito kuliko yote ni uhuru wa mwanafunzi mwenyewe. Kwa nini mhitimu aliyeongoza kwa alama, akipewa nafasi ya kuzungumza, asimshukuru Mungu wake? Nakubaliana na pingamizi hilo. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2003 ulitenganisha mambo hayo vizuri: mzungumzaji akipatikana kwa kigezo kisichohusu dini, na maneno yakiwa yake, shule haina sababu ya kumfunga mdomo. Katika kesi ya Oroville, California, mahakama ya rufaa iliunga mkono shule iliyomzuia mwanafunzi bora kutoa hotuba ya kidini, na hapo naona ilipitiliza. Mwaka mmoja mwanafunzi bora atakuwa Mpentekoste, mwingine Mwislamu au Mhindu, mwingine asiyeamini, na hakuna aliyewapigia kura ili dini yake ishinde.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuuliza mbona kwetu shughuli hufunguliwa kwa dua ya shehe na sala ya padri au mchungaji, na watu wakaendelea na ratiba. Jaji Antonin Scalia, aliyepinga uamuzi wa 1992, alikuwa na wazo linalokaribiana na hilo: watu wanaosali pamoja hujifunza kuheshimiana. Sipuuzi wazo hilo. Ila desturi yetu inasimama juu ya kuwaita wote wawili jukwaani siku hiyo hiyo, na hata hivyo mwenye dini ya tatu hana nafasi. Kura ya Clear Creek haikuahidi hata hicho. Marekani kuna njia nyingine ya zamani ambayo haijagombewa sana: makanisa huandaa ibada ya kuwaombea wahitimu siku tofauti, nje ya mamlaka ya shule, na anayekwenda amekwenda kwa mapenzi yake.

Scalia alitumia pia hoja ya desturi, akitaja mahafali ya Norwich, Connecticut, ya Julai 1868, ambapo wahitimu 15 waliingia katika ukumbi wa kanisa na kusikiliza sala ndefu. Hoja hiyo imepata nguvu tangu mwaka 2022, Mahakama ya Juu ilipomtetea kocha wa shule ya umma ya Bremerton aliyesali uwanjani baada ya mechi, ikasema kipimo sasa kitakuwa historia na desturi. Hata hivyo ilitofautisha sala ya kocha huyo na sala zinazotangazwa kwa hadhara isiyoweza kukwepa, na uamuzi wa Weisman haikuufuta. Kama historia ndiyo kipimo, basi Norwich ya 1868 isomwe pamoja na Philadelphia ya 1844, na pamoja na shule ya Eliot, ambako miaka 9 tu kabla ya sala zile ndefu za Norwich mtoto alinyoosha mikono yake apigwe kwa sababu hakutaka kutamka Amri Kumi kwa maneno ya wengine.