Tarehe ya Walimu wa Vurra

Hii ni tarehe ya walimu wa Vurra na nchi ya Arua kwa jumla: wale walioshika chaki asubuhi na filimbi jioni, na ambao wengi wao walimalizia utumishi wao kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mwalimu wa namna hii akifariki, mazishini hufika watu wa rika zote, wazee wenye mikongojo pamoja na wajukuu wao, na wote humwita kwa neno moja: mwalimu. Sifa zake husemwa siku hiyo, watu wakatawanyika, na baada ya miaka michache hakuna anayejua aliajiriwa lini wala alijenga darasa lipi. Machifu wameandikiwa tarehe zao. Walimu nao wanastahili.

Tuanze na nchi. Vurra iko kusini ya mji wa Arua, katika mkoa wa West Nile nchini Uganda, kwenye barabara inayokwenda Kongo. Mpaka wa hapo unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji: mvua inayonyesha mashariki huteremka hadi Nile, na inayonyesha magharibi huishia katika mto Kongo. Walugbara wako pande zote mbili. Sokoni utasikia Kilugbara, Lingala na Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kilifika huku kwa njia ya jeshi na biashara, kikakaa.

Serikali zilipokezana nchi hii kama mzigo. Ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alipofariki mwaka 1909, eneo likaingizwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka boma lake Arua. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kijana mwaka 1909 aliona tawala tatu kabla ya kuona darasa moja.

Shule zilikuja na misheni. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua, na Mvara ikawa kitovu chao. Wakatoliki wa shirika la Komboni walijenga Ediofe na Ombaci. Lakini mmisionari hakuweza kuwa kila kijiji, na hapo ndipo kazi yetu ilipozaliwa. Kijana aliyekwisha kujua kusoma alirudishwa kwao akafundishe wengine. Alikuwa katekista na mwalimu kwa wakati mmoja. Darasa lake lilikuwa banda la nyasi, viti vyake vilikuwa magogo, na mshahara wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba bila shamba la mtama na muhogo asingeweza kula. Wanafunzi wake wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu, na mwaka uliofuata serikali ya Uganda ikaunda Idara ya Elimu. Tangu hapo shule za misheni zikaanza kupata ruzuku na kukaguliwa, na mwalimu wa kijiji akatakiwa awe na cheti. Wazazi nao walipaswa kutafuta ada. Baadhi waliipata kwenye tumbaku, zao lililokuja kuwa kubwa West Nile. Wengine walikwenda mbali zaidi, kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, wakarudi baada ya miezi mingi na fedha ya kusomeshea mtoto mmoja kati ya watano. Mwalimu alijua fedha hiyo ilitoka wapi. Ndiyo maana mtoro hakusamehewa: kila siku aliyokosa ilikuwa imelipiwa na mgongo wa mtu.

Filimbi iliingia pamoja na chaki. Misheni ziliamini kwamba shule bila michezo haijakamilika, na mwalimu wa hesabu mara nyingi ndiye aliyekabidhiwa mpira na mbio. Inafaa kueleza namna uwanja wa mbio unavyochorwa mahali ambapo hakuna fedha ya chokaa, kwa sababu kazi ya mwalimu inaonekana vizuri hapo. Kwanza nyasi zinafyekwa. Kisha mwalimu anapima mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja mita 50. Halafu anachukua kamba ya mita 16, mtoto mmoja anashika ncha moja kwenye kigingi, mwingine anazunguka na ncha ya pili akichora nusu duara kwa kijiti. Anafanya hivyo kila upande. Mistari miwili na nusu duara mbili zinakaribia sana mita 200. Majivu ya jikoni yanatiwa kwenye kopo lililotobolewa chini, na mtoto anatembea akilitikisa juu ya mstari. Darasa la saba limejifunza mzingo wa duara bila kujua, na shule imepata uwanja. Anayetaka mita 3,000 atazunguka mara 15, na mtoto mwenzake atahesabu kwa kuhamisha vijiwe kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Uhuru ulipofika mwaka 1962, watoto wa nchi hii walikuwa na mahali pa kuendelea. Chuo cha Mtakatifu Yosefu cha Ombaci kilivuta wavulana kutoka pande zote za West Nile, na Mvara ilikuwa na historia yake. Walimu waliohitimu walirudi Vurra, Maracha, Terego na Koboko, wakawa wakuu wa shule walizosomea.

Kisha ukaja mwaka 1979. Idi Amin, ambaye watu wake ni Wakakwa wa Koboko, aliangushwa mwezi Aprili, na ghadhabu ya nchi ikageukia West Nile nzima, kana kwamba kila mkulima alikuwa ameketi naye mezani. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka kutoka ng'ambo ya mpaka wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi jipya lilipojibu halikuchagua wa kupiga. Watu walikimbilia Zaire na Sudan kwa malaki. Waliobaki karibu na Arua walijificha kwenye misheni. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa serikali waliingia Ombaci, ndani ya ua ule ule wa shule na kanisa, wakaua makumi ya raia waliokuwa wameomba hifadhi. Kila mwaka tarehe hiyo inakumbukwa kwa sala. Shule iliyokuwa imewafundisha watoto wa nchi ikawa mahali pa kuwazikia.

Huko uhamishoni ndiko ambako kazi ya ualimu ilionyesha ni kitu gani. Katika makazi ya wakimbizi karibu na Yei, Sudan, wakimbizi walianzisha shule zao wenyewe, wakakata miti na nyasi, wakaezeka, wakafundisha. Hawakuwa na hati ya serikali wala mkaguzi. Walikuwa na walimu waliokimbia na familia zao kama kila mtu, na walipofika wakaanza kuhesabu watoto waliopo. Ukitaka kujua kwa nini kizazi cha West Nile kilichokulia porini kiliweza kurudi katikati ya miaka ya themanini na kukaa kwenye mtihani, jibu ni hao. Majengo yalikuwa yamechomwa au kuporwa mabati. Shule haikupotea, kwa sababu ilikuwa imehama na mwalimu.

Mwaka 1997 serikali ilianza elimu ya msingi bila ada. Katika Uganda nzima wanafunzi wa shule za msingi walitoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mkuu wa kijijini alifungua shule mwezi wa kwanza akakuta watoto wamejaa hadi chini ya mwembe, na ni yeye aliyepaswa kuamua nani akae wapi, daftari zigawanywe vipi, na mama anayeuliza kama mtoto wake mlemavu anaruhusiwa aambiwe nini. Aliyemwambia amlete ameandika tarehe pia.

Vurra ilijulikana duniani tarehe 8 Agosti 2005. Siku hiyo, mjini Helsinki, Dorcus Inzikuru, binti aliyezaliwa Vurra mwaka 1982, alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 9, sekunde 18 na nukta 24. Ilikuwa mara ya kwanza mbio hizo kuwekwa kwa wanawake katika mashindano ya dunia, na ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika mashindano hayo. Tangu John Akii-Bua aliposhinda katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, nchi ilikuwa imengoja miaka 33 kupata bingwa mwingine wa uwanjani wa kiwango hicho. Miaka mitano kabla ya Helsinki, Inzikuru alikuwa amekwisha kushinda mita 5,000 za vijana wa dunia mjini Santiago, Chile, na mwaka 2006 akaongeza dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne.

Mbio alizoshinda zina viunzi 28 na maji mara 7. Orodha ya matokeo inataja muda, nchi na jina. Haina safu ya mwalimu wa shule ya msingi. Lakini kila anayejua mashindano ya shule anaelewa ngazi yenyewe: shule, kata, wilaya, taifa. Katika kila ngazi lazima awepo mtu mzima wa kumwandikisha mtoto, kumwombea ruhusa kwa baba asiyetaka binti akimbie, kumtafutia nauli na kukesha akimlinda safarini. Kenya wanalijua jambo hili kwa sababu walibahatika kumjua mtu wao: Brother Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick, akawa kocha, akawa mkuu wa shule, na kutoka mikononi mwake wakatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki 1988, na David Rudisha. Iten inamtaja kwa jina. Vurra ina wenye kazi hiyo hiyo, na haijawataja.

Sura iliyofuata ilirudisha deni. Mwaka 2016 vita vilifika Yei, na watu wake wakavuka kuingia Uganda. Bidibidi ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Rhino Camp ikafurika, na mwaka 2017 Imvepi ikafunguliwa. Walimu wa West Nile walijikuta mbele ya madarasa yenye watoto zaidi ya 100, watoto wa nchi ile ile iliyowapokea wazazi wa walimu hao. Baadhi ya walimu hao walijifunza herufi chini ya miti ya Yei. Hawakuhitaji kufundishwa na shirika lolote namna ya kuendesha shule isiyo na kuta.

Hata baada ya hapo hawakupumzika. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na Uganda haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Wasichana wengi walirudi wakiwa na watoto migongoni, au hawakurudi. Mwalimu mkuu aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita alifanya kazi ile ile ya katekista wa mwaka 1918: alikwenda mahali mtoto alipo.

Ndiyo maana tarehe hii naiona haijakamilika mpaka kila shule ifanye jambo moja. Kila shule ina kitabu cha kumbukumbu ofisini. Kifunguliwe ukurasa, waitwe wazee waliosoma hapo, waandikwe walimu wote kwa mfuatano: jina, kijiji alikotoka, mwaka alioanza, somo, mchezo aliofundisha, alichojenga, alikozikwa. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuifanya kazi hiyo katika muhula mmoja, na itakuwa somo lao bora la historia. Kombe la mbio za kila mwaka lipewe jina la mmoja wao. Wazee wanaokumbuka walimu wa kabla ya 1979 wanazidi kupungua, kwa hiyo kazi hii ianze muhula huu.