Kunyumbua Spika

Anayenunua spika mpya za nyumbani huambiwa azipige kwa saa kadhaa kabla ya kuzihukumu. Kiingereza kinaiita kazi hiyo "break-in", neno lilelile la viatu vipya na la farasi ambaye hajawahi kupandwa. Kiswahili bado hakina neno lililokubaliwa. Wapo wanaosema kuzoesha, wapo wa kulainisha, wapo wa kulegeza, na kila neno linampeleka msikilizaji kwake. Ili tuchague vizuri, kwanza tuifungue spika yenyewe.

Spika ya koili inayocheza kwenye sumaku bado inafuata muundo uliochapishwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, mwaka 1925. Umeme wa muziki hupita kwenye koili, koili huvutwa na kusukumwa, na koni iliyogundishwa nayo hutikisa hewa. Koni hiyo imeshikwa mahali pawili: ukingoni kwa utepe wa mpira au sponji, na shingoni kwa kitambaa cha duara chenye mikunjo, kilichokaushwa kwa gundi ngumu ili kiirudishe koili katikati kila inapotoka. Kitambaa hiki ndicho chenye habari yote. Kikitoka kiwandani, nyuzi zake zimeshikana kikakamavu. Koni ikianza kwenda mbele na nyuma, gundi hupata nyufa ndogo mno kwenye mikunjo, nyuzi huachiana kidogo, na kitambaa hupindika kwa urahisi zaidi. Ni kinyume cha ngoma, ambayo huoteshwa moto ili ngozi ikaze.

Badiliko hilo hupimika. Kila spika ina masafa yake ya asili, yaani kasi ambayo koni hutikisika yenyewe ikiguswa na kuachwa. Ni miongoni mwa vipimo ambavyo Neville Thiele na Richard Small, kwa kazi zao za Australia katika miaka ya 1960 na 1970, waliviwekea utaratibu unaofuatwa na watengenezaji hadi leo. Tuchukue spika ya besi yenye masafa ya asili ya hezi 40 ikiwa nje ya boksi. Vishikizo vyake vikinyumbuka kwa asilimia 20 zaidi, masafa hayo hushuka hadi hezi 36.5 hivi. Kwenye mashine ya kupimia, tofauti hiyo inaonekana wazi.

Lakini nani anasikiliza spika iliyo nje ya boksi? Katika boksi lililozibwa, hewa iliyofungiwa nayo ni springi, na mara nyingi ni springi ngumu kuliko kile kitambaa. Ikiwa ukakamavu wa hewa ni mara tatu ya ule wa vishikizo, spika yetu itaanza kwenye hezi 80 na kuishia kwenye hezi 78 na kidogo. Sebuleni, muziki ukiendelea, ni vigumu sana sikio kuing'amua tofauti hiyo.

Basi mbona wengi huapa kwamba spika zao zimekuwa nzuri mno baada ya wiki mbili? Aghalabu aliyebadilika ni msikilizaji. Ubongo hujifunza sauti mpya ya chumba na kuacha kuishangaa. Ndiyo maana nalikataa neno kuzoesha: kuzoea ni kwa mwenye fahamu, na neno hilo tulitunze kwa ajili ya sikio. Kulegeza nako hakufai, kwa sababu spika iliyolegea ni ya kupelekwa kwa fundi. Kulainisha kunavuta mawazo kwenye grisi na vilainishi, na ndani ya spika hakuna kinachopakwa mafuta ili kilainike.

Napendekeza kunyumbua. Kinachonyumbuka hupindika na kurudi bila kuvunjika, na hiyo ndiyo kazi ya kile kitambaa. Unyumbufu tayari tunao katika lugha ya sayansi. Wanaisimu nao hunyumbua vitenzi, lakini muktadha utazitenganisha maana hizo bila taabu. Tukilishika neno hili tutasema kweli mbili kwa vitenzi viwili: spika hunyumbuka, sikio huzoea. Na litatulinda dukani. Akija mtu kukuuzia waya wa spika ambao eti nao unahitaji saa mia za kupigwa ndipo uimbe, muulize ni kitu gani ndani ya waya huo kinachonyumbuka. Shaba haina koni wala kitambaa cha mikunjo.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Piga muziki uupendao wenye besi ya kutosha, kwa sauti ya wastani, kwa siku za mwanzo. Usifungulie hadi mwisho kwa haraka, maana koili iliyopata joto kupita kiasi huungua. Na spika inayokwaruza au kunguruma vibaya tangu siku ya kwanza ina kasoro: irudishe mapema, kabla muda wa kurudisha haujakwisha.