Jakuzi ya upepo nyumbani: mambo ya kujua kabla hujatoa pesa

Mwaka jana nilinunua jakuzi. Najua nikisema hivyo kuna watakaodhani nimepata tenda ya kaunti. Si ile ya hoteli iliyojengewa vigae. Ni ya upepo, mfano wa lile beseni la watoto la plastiki, ila ukuta wake ni mnene na ina mashine pembeni inayopasha maji moto, kuyachuja na kupuliza mapovu. Niliipata Diani kwa mpangaji aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, nikalipa shilingi 30,000. Tangu watu waione, simu yangu haipoi. Yala stima kiasi gani? Yafaa kwa vyumba vya wageni? Na zaidi ya yote: bahari iko pale, jakuzi ya nini?

Nianze na hilo la mwisho. Mamangu amezaliwa Msambweni na bahari aijua kuliko mimi, lakini magoti yamemchakaa. Mchanga wa Diani hawezi tena kuuvuka, sembuse kusimama kwenye wimbi. Mtaalamu wa viungo alimshauri afanye mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji humbebea mtu uzito wake na joto hulegeza viungo. Bahari yetu hata wakati wa Kaskazi haifiki joto la mwili, na mzee akikaa ndani muda mrefu hutoka akitetemeka. Huduma ya hoteli kila wiki sikuiweza. Ndipo nikaanza kutafuta.

Baadaye nikaja kujua kwamba hata jina lenyewe lina kisa kama hicho. Jacuzzi ni ukoo wa Waitaliano waliohamia California, wakawa watengenezaji wa pampu za maji za visima na mashamba. Candido Jacuzzi alikuwa na mtoto, Kenneth, aliyepata ugonjwa wa baridi yabisi angali mdogo. Miaka ya mwisho ya 1940 pampu ya kiwandani ikageuzwa ikawa ya kutumbukizwa katika beseni la kuogea nyumbani, mtoto apate tiba bila kupelekwa hospitali kila mara. Anasa ilikuja baadaye. Wala kwetu maji moto si mageni: Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi kule Unguja mwaka 1850, na Sultani Barghash akajenga ile ya mjini iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake.

Sasa tuingie kwenye ununuzi. Intex na Bestway ndio majina mawili utakayokutana nayo zaidi katika jakuzi za upepo. Ndogo zao hubeba kama lita 650, na za watu sita hufika lita 1,000 na zaidi. Tazama kwanza kibandiko cha mashine. Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Ya Uingereza au Dubai itakubali, hata plagi ni moja. Ya Marekani ni ya volti 110, kwa hivyo shemeji wa Minnesota akikwambia anakutumia zawadi, mshukuru na umwambie atume kitu kingine.

Ukinunua iliyotumika kama mimi, usilipe siku ile ile. Ijazeni upepo, muiache mpaka kesho yake muone kama imelegea. Washa mashine ikiwa na maji ndani, usikize kama yavuma au yasaga, halafu ushike bomba la kurudishia maji baada ya saa moja uone kama hita yafanya kazi. Kagua skrubu na viungo vya chuma, kwa sababu chumvi ya upepo wa bahari yala chuma hata ndani ya nyumba. Na kabla ya yote uliza habari ya filta. Filta ni kijikaratasi cha mviringo kilichokunjwakunjwa, hakigharimu sana, lakini kikikosekana jakuzi imekufa. Mimi nilizunguka Ukunda siku nzima nisipate ya saizi yangu, mwisho nikaagiza Mombasa. Nunua za miezi mitatu siku hiyo hiyo unayonunua jakuzi.

Pa kuiweka kwataka akili. Lita 800 ni kilo 800. Ongeza watu watatu wazima, umepita tani moja. Usiipandishe roshani wala juu ya sakafu ya mbao. Chini pawe pa saruji, sawasawa, na ufagie vijiwe vyote, maana jiwe la matumbawe dogo kama punje ya hindi hutoboa. Mimi nilitandika mikeka miwili ya zamani chini yake. Mnazi usiwe karibu. Sihitaji kueleza kwa nini. Uwe na kivuli, lakini kivuli cha paa, si cha mti unaomwaga majani. Halafu kuna wale wenyeji wetu wengine. Anayeishi Diani awajua tumbili na kima: kitu kipya uani lazima wakionje. Mfuniko wangu una alama za meno mpaka leo. Nimezungushia ua wa makuti, ambao pia ni stara, kwa sababu wanawake wa nyumbani hawataingia mahali panapotazamwa na njia.

Stima ndiyo hofu ya wengi, na kwa kweli hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Fanya hesabu mwenyewe. Kupandisha lita 800 kutoka nyuzi 26 hadi 38 kwahitaji uniti 11 hivi, ukiacha joto linalopotea njiani. Zidisha kwa bei unayolipa kwenye tokeni zako. Kama uniti ni shilingi 30, ni kama shilingi 330. Hita nyingi ni za kilowati 2, kwa hivyo ni kazi ya saa 6 na zaidi. Ila sisi watu wa pwani tuna hita ya bure juu ya paa. Tangi jeusi lililopigwa na jua kutwa nzima hutoa maji ambayo yashapata joto lake. Mimi hujaza saa tisa au saa kumi alasiri, na siku ya jua kali huyakuta maji yako nyuzi 32 au zaidi. Kutoka hapo hadi 38 ni uniti 6 tu. Mzungu wa Ulaya apashaye maji ya barafu ndiye wa kulalamika. Kwetu Januari na Februari tatizo laweza kuwa kinyume: ukiiacha juani na mfuniko juu, maji yapanda yenyewe, nawe wangoja yapoe.

Kwenye usalama wa stima lakini usifanye ubahili. Muite fundi mwenye leseni aweke soketi ya nje yenye waya wa ethi wa kweli na ile swichi inayokata stima mara tu inapovuja. Usitumie ekstensheni. Mtu aliyelowa, aliyekaa ndani ya maji, hana nafasi ya pili.

Nije kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo nilipoumbuka.

Nilijaza mara ya kwanza siku mbili kabla ya Idi. Siku ya Idi jamaa wakaja, watoto wakaingia tisa kwa zamu na bila zamu, wengine na mafuta ya nazi kichwani, wasichana na hina mbichi miguuni. Povu likafura mpaka likamwagika. Sikuwa nimetia klorini ya kutosha, nikadhani maji yakiwa moto na yakizunguka yajisafisha. Siku ya tatu maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala, na yalinuka. Wapwa zangu wawili wakatoka vipele mgongoni na mapajani. Daktari alipouliza wameogelea wapi, nilijibu mimi kabla hawajajibu wao.

Nikachomoa kizibo. Wiki hiyo mifereji ya mtaani ilikuwa imekauka, watu wachota kwa mitungi. Maji yangu yakapita chini ya ua wa makuti mpaka njiani, na jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa apita na mtungi kichwani. Akasimama.

“Mwanangu, maji yote hayo mwayamwaga?”

“Yameharibika, mama.”

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nilipiga hesabu usiku ule: lita 800 ni mitungi 40 ya lita 20. Mitungi 40 niliimwaga kwa uvivu wa kutia vidonge vya shilingi mia chache.

Kwa hivyo sikiza. Maji ya jakuzi yaliyotunzwa hukaa miezi miwili mpaka mitatu. Yasiyotunzwa hayamalizi wiki. Kutunza ni hivi: kila mtu aoge kwa sabuni na ajisuuze vizuri kabla ya kuingia, asiwe na mafuta, losheni wala hina isiyokauka. Klorini ipimwe kila siku jakuzi inapotumika, kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi. Ikae kati ya 3 na 5, na kipimo cha pH kati ya 7.2 na 7.8. Ukiwa chini au juu ya hapo, klorini ipo lakini haifanyi kazi yake, au macho yawasha. Jua la kwetu hula klorini upesi, na joto vilevile, kwa hivyo mfuniko usikae kando. Filta ioshwe kwa maji ya kasi kila siku mbili au tatu. Wakati wa kutia dawa, tia dawa majini, usimwagie maji dawa, na usichanganye aina mbili za klorini.

Maji ya kisima yana jambo lake. Mwamba wetu ni wa matumbawe, na maji yapitayo humo hubeba chokaa. Tazama birika lako la chai lilivyo na utando mweupe ndani; utando huo huo hujijenga kwenye hita ya jakuzi mpaka ikaungua. Visima vilivyo karibu na ufuo huongeza chumvi juu yake. Ukiweza, jaza kwa maji ya mvua ya Masika yaliyovunwa kwenye tangi, ambayo ni laini. La si hivyo, tumia dawa ya kuzuia chokaa, wauzao vifaa vya vidimbwi wanayo.

Kuna watu huniambia maji moto yaua viini. Maji yanayochemka, ndiyo. Maji ya nyuzi 38 huvilea. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, palikuwa na maonyesho ya maua, na miongoni mwa bidhaa zilizowekwa ilikuwa jakuzi ikipuliza mapovu watu waione. Bakteria wa Legionella walikuwa wamezaana ndani yake. Walioathirika walikuwa wapita njia waliovuta hewa yenye unyevu wake. Waliokufa hawakupungua 32. Mwenye nia ya kuweka jakuzi kwa wageni wa kulipa na aikumbuke habari hiyo kila anapoona uvivu wa kupima klorini.

Kwa afya ya waingiao: kipimo cha juu kabisa ni nyuzi 40, na dakika 15 zatosha. Wenye presha, ugonjwa wa moyo au sukari wamuulize daktari kwanza. Mwenye sukari ambaye miguu imekufa ganzi hajui anapoungua. Mama mjamzito asiingie bila ruhusa ya daktari. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiingie kabisa, na mfuniko ufungwe kwa vifungo vyake kila mara, kwa sababu watoto wa mtaa ni wa wote na maji ya kina cha nusu mita yazamisha. Mamangu mimi humuwekea nyuzi 36, mtu akae naye, na aingie kwa kigoda.

Ukimwaga, usiyamwage karibu na kisima cha mtu. Ardhi ya matumbawe hainywi polepole, hupitisha moja kwa moja. Acha maji wazi siku mbili tatu bila kutia dawa mpaka kikaratasi kionyeshe klorini imekwisha, uku ukiwaangalia watoto, kisha yatumie. Kwangu huenda chooni kwa ndoo, mengine kwenye minazi, na jirani anayejenga amechukua ya kukorogea udongo wa kukandikia. Lakini yasipitishe siku hizo. Maji yaliyotulia bila klorini ni nyumba ya mbu wa dengi, na ugonjwa huo si hadithi kwetu. Watafiti wameufuatilia miaka mingi hapa hapa Ukunda na Msambweni.

Masika yakianza nakunja. Hufutwa kwa kitambaa, huanikwa kivulini pande zote mbili mpaka ikauke kabisa, hunyunyiziwa poda ya watoto ili isishikane, kisha huning'inizwa darini, si sakafuni, kwa sababu ya panya. Mwaka huu nilipoitoa nilikuta tundu moja dogo, nikaziba kwa gundi na kiraka kilichokuja nayo. Mama huingia Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri. Ngazi ya barazani, ambayo alikuwa akiipanda kwa kushikwa mkono, sasa aipanda kwa kushika ukuta. Filta zimebaki mbili.