Taya la Mtoto na Swali la Wanafunzi

Mtoto mmoja wa usharika wetu alipovimba taya, tulidhani ni jino. Baada ya wiki mbili jicho lilianza kusukumwa nje, na minong'ono ikamgeukia mama yake: huyu amemkosea nani? Ndilo swali ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Nasi wazee wa usharika tulimwekea mama yule maombi ya toba ya siku saba, kabla ya kumtafutia nauli.

Ugonjwa huo una historia, na ilianzia karibu nasi. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt alikuwa Mkristo wa kusali sana kutoka Ireland, mwenye jicho moja. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akaona mtoto mwingine wa namna ile ile, ameketi na mama yake.

Akaanza kuwatafuta wengine. Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walizunguka kwa gari kuukuu wiki kumi, wapata maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani yao ilionyesha kwamba uvimbe huu uko penye joto na mvua, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Laana gani hiyo inayokomea pale mbu wa malaria anapokomea?

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Huko, mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wamekuta kirusi ndani yake. Lakini kirusi hicho watu wazima karibu wote duniani wanacho, wala hawaugui saratani hii.

Sehemu nyingine ya jibu ilikuwa kwenye vinasaba. Seli ya kawaida ya mwili hubeba kromosomu 46, na kabla ya kugawanyika hunakili DNA yake yote, uzi wa karibu mita mbili. Seli fulani za kinga zina kazi ya ziada: hukata na kuunga baadhi ya jeni zao ili kutengeneza silaha dhidi ya magonjwa. Malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi kile, huzifanya ziongezeke mno, na makosa huongezeka. Kipande cha kromosomu ya 8 hukatika, kikaungwa kwenye ya 14. Mwaka 1982 ilithibitika kwamba kipande hicho hubeba jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike. Pale ugenini hukaa jirani na jeni isiyopumzika, nayo MYC haizimiki tena. Uvimbe huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Kosa hilo hutokea katika seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa. Halirithiwi kwa mama wala kwa baba.

Na kwa kuwa seli hizo hugawanyika upesi, dawa huziua upesi. Burkitt, asiye na mashine ya mionzi, aliona watoto wakipona kwa dozi chache tu.

Mtoto wetu naye alipona. Mama yake bado hajarudi kwenye benchi lake kanisani.