Viboko wa Ziwa Edward na Sisi wa Uvira



Mnyama aishiye majini huhesabiwa kwa shida. Kiboko hutoa pua na masikio, huvuta pumzi, kisha huzama. Aliyesimama ufukweni aweza kuhesabu wanane pale walipo kumi na watano. Hata hivyo, katika nchi yetu hesabu ya mnyama huyu ilifichua matendo ya wanadamu kwa namna ambayo maneno matupu yasingeweza. Tuitazame historia hiyo, kwa maana inatuhusu sisi tunaokaa kati ya Kalundu na mlango wa mto Ruzizi.

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa utawala wa Wabelgiji, nayo inazunguka upande wa Kongo wa Ziwa Edward. Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa huko viboko wapatao 29,000. Mwaka 2005 walisalia chini ya 900. Ni kusema, katika muda wa miaka thelathini tu, kati ya kila viboko thelathini alibaki mmoja.

Je, tunajuaje kwamba ni mkono wa mtu? Neno hili lastahili kupimwa. Yawezekana viboko walihama: ng'ambo ya mto Ishasha na ya ziwa lenyewe ni Uganda. Wako waliovuka, lakini viboko wote wa Uganda katika miaka hiyo hawakufika hata 10,000. Hawawezi kuwa wale maelfu waliopotea. Yawezekana ni ugonjwa: mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika hifadhi ya Queen Elizabeth, upande huo wa Uganda. Lakini wakati huo wale wa Virunga walikuwa wamekwisha kupungua kwa miaka mingi. Linalobaki ni vita. Tangu mwaka 1994, walipoingia wakimbizi kutoka Rwanda, na katika vita vya 1996 na 1998, watu wenye silaha walikaa ndani ya hifadhi. Nyama ya kiboko ililiwa na kuuzwa, na meno yake yakafanyiwa biashara kama pembe za ndovu. Mwaka huo wa 1994 UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kuua ni haraka, kuzaa ni polepole. Kiboko, ambaye wataalamu wanamtambua kuwa jamaa wa karibu wa nyangumi, hubeba mimba kwa miezi minane na huzaa mtoto mmoja. Tena hasara haikuishia kwake. Kiboko hula majani usiku nchi kavu, na mchana samadi yake huanguka majini na kurutubisha chakula cha samaki. Wavuvi wa Vitshumbi waliona nyavu zao zikipungukiwa. Haitakuwa haki kusema sababu ni hiyo peke yake, kwa kuwa mitumbwi ilizidi na nyavu za matundu madogo zilitumiwa. Lakini ziwa lilikuwa limepoteza mlishaji wake.

Sasa turudi kwetu. Sehemu ya mlango wa Ruzizi iliyo upande wa Burundi inalindwa tangu mwaka 1980, lakini kiboko hajui mpaka. Upande wetu mashamba ya mpunga na bustani yameteremka hadi majini, na nyumba zimefuata. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia mitaani. Hapo wengi husema: "Viboko wamezidi." Tuwe waangalifu. Kuwaona zaidi si kuongezeka kwao. Mnyama aliyefungiwa njia ya malisho hupita mlangoni pa mtu, na watano waliosongamana huonekana kama ishirini.

Hatusemi hivyo ili kudharau hofu ya mtu. Mama achotaye maji alfajiri na mvuvi katika mtumbwi mdogo wanajua kwamba kiboko huua. Hatuwezi kumwambia mjane ampende mnyama aliyemwua mumewe. Lakini mkulima akidai wauawe kwa sababu wamezidi, na mwingine akidai waachwe kwa sababu wanakwisha, wote wawili wanasema bila hesabu.

Kazi hii vijana wanaiweza. Chagueni mahali pachache pa ufuko, mwende kila mwezi mchana, mkisimama mbali na juu ya maji, pamoja na mvuvi mzee azoeaye mahali hapo. Andikeni siku, saa, idadi mliyoona, urefu wa maji, na shamba lililoharibiwa. Rudieni hesabu mara mbili au tatu, kwa kuwa wengine huwa wamezama. Baada ya mwaka pelekeni daftari kwa wakuu wa mtaa na kwa watafiti wa ziwa walio hapa hapa Uvira. Kule Virunga hesabu ilipokuja kusikika, mabunduki yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake.