Bastola ya Kimathi

Karibu kila siku nikienda kazini mimi hupita kando ya sanamu ya Dedan Kimathi, kwenye mtaa wa jina lake hapa Nairobi. Ameshika bunduki. Watu hupiga picha hapo, wapenzi husubiriana chini yake, na sijawahi kuona mtu akiiogopa hiyo bunduki. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya Kimathi kunyongwa Kamiti.

Nilimaliza chuo kikuu bila kujua jambo moja: hakunyongwa kwa kosa la kuua. Alinyongwa kwa kupatikana na bastola.

Ndiyo, bastola moja, Webley Scott. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi mguuni, na mwezi uliofuata Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akamhukumu kifo mjini Nyeri. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Wapi! Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, silaha bila kibali ilitosha kumpeleka mtu kitanzini, na Mwafrika wa kawaida kibali chenyewe angekipata wapi?

Miaka hiyo hiyo, kwenye mashamba ya walowezi, bastola ilikaa mezani kando ya sahani ya chakula. Jioni wapishi walitolewa nje na milango ikafungwa. Na tusiwacheke, maana hofu yao ilikuwa na sababu. Tarehe 24 Januari 1953, huko Kinangop, Roger Ruck, mkewe Esme na mtoto wao wa miaka 6 waliuawa kwa mapanga. Picha ya chumba cha mtoto ikatoka magazetini. Siku mbili baadaye walowezi wapatao 1,500 walivamia makao ya Gavana Evelyn Baring wakitaka hatua kali, na waliosimama mlangoni kuwazuia walikuwa askari Waafrika. Ningekuwa nimeiona picha ile, mimi pia ningelala na bastola chini ya mto.

Lakini walowezi waliouawa katika vita vyote vile ni 32. Ajali za barabarani Nairobi ziliua Wazungu wengi kuliko hao. Waafrika walionyongwa walipita 1,000, na wengi wao, kama Kimathi, hawakushtakiwa kwa kuua. Wengine walipatikana na risasi tu. Risasi, bila hata bunduki ya kuipigia! Hofu ya mlowezi iliandikwa ikawa sheria. Ya wengine haikuandikwa popote.

Kule msituni bunduki nyingi zilitengenezwa kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tyubu. Nyingine zilimlipukia mwenyewe mkononi. Na hata Wakikuyu waliokuwa upande wa serikali, wale homugadi, Mwingereza alisita kuwapa bunduki. Mwanzoni wengi walipewa mikuki, ndiyo maana Wakikuyu wakawaita kamatimu, kutokana na itimu, mkuki. Aliwahitaji na kuwaogopa kwa pamoja. Machi 1953 familia za homugadi zikachomwa na kukatwakatwa huko Lari, kisha kisasi kikaua wengine wengi. Baada ya hapo ndipo bunduki zilipoanza kutolewa kwa wingi zaidi.

Shosho wangu alikuwa msichana Nyeri wakati huo, katika kijiji cha lazima kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Usiku ilikuja bunduki ya msituni kutaka chakula. Asubuhi ilikuja ya homugadi kuuliza nani alitoa chakula. Niliwahi kumuuliza aliogopa ipi zaidi, nikitarajia, nakiri, jibu la kizalendo.

"Ile iliyokuwa karibu," akasema.

Mwaka jana nilimleta mjini kuona sanamu. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaitazama kutoka huko, na hakutaka kuvuka.