Irabu ya Mwisho: Faili Kongwe za Kompyuta na Maandishi ya Kiswahili

Maandishi yanayotunzwa katika kompyuta hutunzwa kwa namba. Namba hizo hurejea kuwa maneno pale tu programu inayozisoma inapofuata kanuni ileile ya programu iliyoziandika. Ofisi inapobadili kompyuta, namba hubaki zilezile. Kinachobadilika ni msomaji wake.

Programu ya WordStar, iliyotoka mwaka 1978, yadhihirisha jambo hilo. Msimbo wa ASCII ulikuwa na alama 128, ambazo zilihitaji biti 7 tu kati ya biti 8 za kila baiti. Matoleo ya awali ya WordStar yaliitumia biti iliyobaki kuitia alama herufi ya mwisho ya neno, kwa ajili ya kupanga mistari. Faili ya aina hiyo ikifunguliwa katika Windows kama matini ya kawaida, barua husomeka baruá, safari huwa safaré, na kitabu huwa kitabõ. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, karibu katika kila neno inayoharibika ni irabu. Hata hivyo, uharibifu huo una utaratibu, na kwa hiyo hurekebishika: hutolewa 128 katika kila namba inayofikia au kuzidi kiasi hicho.

Hatari kubwa zaidi ni ya ritifaa. Kompyuta za Macintosh za zamani ziliiwakilisha ritifaa iliyopinda kwa namba 213, ambayo katika Windows ni Õ. Hivyo ng'oa hugeuka ngÕoa. Mhariri asiyejua chanzo chake akiifuta alama hiyo, hupata ngoa, neno jingine lenye maana ya shauku au wivu. Kosa la mashine huwa limegeuka kosa la lugha, lisiloonekana tena.

Kiswahili kilikwisha kupitia hali kama hii. Katika miswada ya herufi za Kiarabu, herufi moja ya ghaini iliweza kusimama kwa g, ng na ng'. Msomaji ndiye aliyeamua. Waliojua kuamua walipopungua, miswada ilibaki bila wasomaji wengi.

Tangu mwaka 1991 Unicode imezipa alama za maandishi ya lugha nyingi namba zake mahususi, na mwaka 2006 muundo wa OpenDocument ulikubaliwa kuwa kiwango cha ISO. Hata hivyo, viwango hivyo havizifasiri faili zilizotangulia. Ndiyo maana faili ya asili haina budi kutunzwa pamoja na nakala yake mpya, ikiandamana na jina la programu na aina ya kompyuta iliyoiandika.